Green, msaga unga aliyeingia chuo kikuu na miaka 40

Kila mwaka, masomo ya chuo kikuu yakifunguliwa, vijana wetu wa upande huu wa Kasongo na Kabambare wanapanda pikipiki, wamefunga mkoba na kaye mbili tatu, wanakwenda kutafuta elimu Kasongo, Kindu, Bukavu ao mbali zaidi. Wale wanaochukua hesabu, fizikia ao ujenzi wanakutana mapema na kozi moja inayowatia woga. Kwenye sekondari walizoea x moja tu. Sasa wanapewa x, y na z kwa mara moja, vyote vinabadilika pamoja, na asistanti anajaza ubao mzima kwa integrali mbili mbili na tatu tatu. Kuelekea mwisho wa silabi wanakuta jina moja linalorudi: formula ya Green na Riemann, kisha formula ya Green na Ostrogradski.

Wengi wanakariri hiyo formula, wanapita egzame ao wanaanguka, basi. Hawaulizi huyu Green alikuwa nani. Sisi tumeona vema kusimulia maisha yake, juu ya sababu moja. Siku alipoandika kazi ile iliyoingiza jina lake kwenye silabi zetu, hakuwa profesere. Hakuwa hata na diploma. Alikuwa msaga unga, na shuleni alikuwa amekaa mwaka mmoja na nusu hivi.

George Green alizaliwa mwaka 1793 katika mji wa Nottingham, katikati ya Uingereza. Baba yake, naye jina lake George, alikuwa mwokaji wa mikate. Zile zilikuwa nyakati za vita na Ufaransa, bei ya nafaka ilipanda sana, na watu wenye njaa waliwakasirikia waokaji na wasagaji kuliko wengine wote. Mtoto alikulia katika nyumba ya namna hiyo: unga ndio maisha, na unga ndio matata.

Mwaka 1801, akiwa na miaka 8, baba yake alimpeleka kwenye shule ya mwalimu mmoja wa mji, Robert Goodacre, mtu aliyependa hesabu na mambo ya nyota. Mtoto naye alipenda hesabu kabisa. Lakini alipofika miaka 9 alitolewa shuleni, akapelekwa kwenye tanuri kumsaidia baba. Hapo hadithi inafanana sana na ya watoto wengi wa huku kwetu. Wazazi hawakuwa wabaya. Kazi ilikuwa nyingi, na mikono ilikuwa michache.

Mwaka 1807 baba alinunua kiwanja juu ya kilima cha Sneinton, kijiji kidogo kando ya Nottingham, akajenga kinu cha upepo. Wasomaji wetu wanajua mashini ya kusaga inayokunywa mafuta: petroli ikipanda bei, mama anarudi nyumbani na muhogo wake kichwani. Kinu cha Green hakikunywa kitu, lakini kilikuwa na bwana mwingine. Ni mnara mrefu wa matofali, juu yake mabawa makubwa yanayozungushwa na upepo. Upepo ukija usiku wa manane, unaamka usiku wa manane kusaga. Upepo ukilala, na wewe unangoja. Inasimuliwa kwamba ghorofa ya juu ya ule mnara ndiyo ilikuwa chumba cha Green cha kusomea. Chini mawe yanasaga, juu mtu anageuza karatasi.

Alisoma nini? Hapa ndugu wasomaji watacheka kidogo. Wakati ule Waingereza walikuwa wamebaki nyuma katika hesabu. Walishikilia njia ya kuandika ya Newton sawa vile urithi wa babu usioguswa, na wakakataa kutazama ng'ambo ya bahari. Kumbe mambo yalikuwa yakienda mbio Paris, kwa watu kama Lagrange, Laplace na Poisson. Nottingham alikuwako mwalimu mmoja, John Toplis, aliyesikitika juu ya jambo hilo, na mwaka 1814 alitoa kwa Kiingereza sehemu ya kitabu kikubwa cha Laplace juu ya mwendo wa nyota. Green naye aliwasoma hao Wafaransa. Msaga unga wa kijiji cha Uingereza alipata elimu yake kutoka Ufaransa, nchi ambayo serikali yake ilipigana nayo miaka na miaka.

Mwaka 1823 alijiandikisha kwenye biblioteki ya Nottingham, iliyokuwa katika nyumba inayoitwa Bromley House. Haikuwa ya bure, ilikuwa ni kulipa mchango. Pale alipata kusoma majarida ya wanasayansi na kujua nani anafanya nini. Tukumbuke jambo hili, tutalirudilia.

Siku hizo alikuwa amekwisha kupendana na Jane Smith, binti wa msimamizi wa kinu cha baba yake. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mwaka 1824, wa mwisho mwaka 1840. Walizaa watoto 7 na hawakufunga ndoa hata siku moja. Kwa miaka mingi, basi, maisha yake yalikuwa hivi: mchana magunia, usiku watoto, na katikati, pale upepo unapolala, Laplace na Poisson.

Mwezi wa tatu wa mwaka 1828, akiwa na miaka 34, alitoa kitabu chembamba kwa makuta yake mwenyewe, juu ya ginsi ya kutumia hesabu kueleza umeme na sumaku. Hakukuwa na jarida kubwa la kumpokea. Alifanya sawa vile watu wanavyofanya matanga: alizungusha karatasi ya kuomba michango. Watu 51 waliandika majina yao, kila mmoja akilipa shilingi 7 na senti 6 za Kiingereza za wakati ule, fedha ambazo si kidogo. Wengi wao walikuwa wenzake wa biblioteki, watu wa heshima wa mji. Walinunua kwa kumsaidia jirani. Kuelewa ni jambo lingine, na hakuna dalili kwamba walielewa.

Ndani ya kile kitabu kulikuwa na nini? Tujaribu kueleza bila kumwogopesha mtu.

Chukua shamba la mpunga hapa Lusangi. Unataka kujua ukubwa wake wote. Njia ya kwanza ni kuingia ndani na kuhesabu kila kipande kidogo cha udongo, moja moja, mpaka umalize. Hiyo ndiyo integrali mbili. Njia ya pili ni kutokuingia kabisa. Unatembea pembeni tu, unafuata mpaka, unaandika pembe kwa pembe mpaka unarudi pale ulipoanzia. Formula ya Green inasema kwamba ukitembea vizuri pembeni, unajua kilicho ndani.

Tufanye mfano. Shamba lina pembe 4. Pembe ya kwanza tunaiita mwanzo: 0 na 0. Ya pili iko meta 60 mashariki ya mwanzo: 60 na 0. Ya tatu iko meta 50 mashariki na meta 40 kaskazini: 50 na 40. Ya nne iko meta 10 mashariki na meta 30 kaskazini: 10 na 30. Sasa kwa kila pembe na ile inayofuata, zidisha mashariki ya kwanza kwa kaskazini ya pili, kisha toa mashariki ya pili mara kaskazini ya kwanza. Kutoka mwanzo kwenda pembe ya pili: 0. Kutoka ya pili kwenda ya tatu: 60 mara 40, toa 50 mara 0, ni 2400. Kutoka ya tatu kwenda ya nne: 50 mara 30, toa 10 mara 40, yaani 1500 toa 400, ni 1100. Kutoka ya nne kurudi mwanzo: 0. Jumla ni 3500. Gawa kwa 2: meta za mraba 1750. Hakuna mguu uliokanyaga katikati ya shamba. Ndugu wawili wanaogombana juu ya mpaka, wakiwa na kamba, kalamu na uvumilivu, wanaweza kufanya hesabu hiyo chini ya mwembe.

Tuseme kweli: hiyo ya shamba tambarare ni mtoto wa kazi ya Green, si yenyewe. Yeye aliandika juu ya vitu vyenye urefu, upana na kimo, sawa vile tufe ya chuma iliyojaa umeme. Alionyesha ginsi kinachopita kwenye ngozi ya kitu kinavyofungamana na kinachotokea ndani yake. Ile ya shamba tambarare iliandikwa na Mfaransa Cauchy mwaka 1846, na Mjerumani Riemann akaitolea uhakikisho mwaka 1851. Ndiyo maana silabi zetu zinaweka majina mawili, Green na Riemann. Ostrogradski naye alikuwa mtu wa dola ya Urusi aliyefika kwenye jambo la kufanana na hilo kwa njia yake, karibu miaka ile ile. Elimu haikutoka kwenye nyumba moja.

Kitabu kilitoka, na kimya kikafuata. Isipokuwa mtu mmoja. Kati ya wale 51 alikuwamo bwana mmoja mwenye cheo na mashamba, Sir Edward Bromhead, aliyesoma hesabu Cambridge na kuzijua kweli. Alisoma, akashtuka, akamwandikia Green kwamba yuko tayari kumsaidia kupeleka kazi zake nyingine kwa wanasayansi wakubwa.

Green hakujibu. Mtu fulani alimwambia kwamba barua ile ni adabu tu ya wakubwa, kwamba bwana wa cheo kile hatazamii kweli jibu kutoka kwa msaga unga. Green aliamini. Karibu miaka 2 ikapita hivyo. Mwaka 1830 tu ndipo alipojua kwamba amedanganyika, akaandika kuomba radhi, na Bromhead akampokea bila kinyongo.

Tumewaza sana juu ya ile miaka 2. Aliyemzuia hakuwa adui. Pengine alikuwa mtu mwema aliyetaka kumwepusha na aibu. Huku kwetu nasi tunao washauri wa namna hiyo, na mara nyingine ni sisi wenyewe. Kijana anataka kumwandikia profesere wa mbali, tunamwambia: yule mkubwa atakujibu wewe wa Lusangi kwa nini? Mtu wa miaka 30 mwenye mke na watoto anataka kurudi kwenye masomo, tunamwambia: muzee, saa yako imepita. Tunafikiri tunasaidia.

Baba yake Green alikufa mwaka 1829. Kinu, nyumba na mali vikamwangukia yeye, na kwa mara ya kwanza alikuwa na nafasi. Aliandika makala nyingine 3, Bromhead akazipeleka Cambridge na Edinburgh, zikapokelewa. Kisha Bromhead akamsukuma aende mwenyewe chuo kikuu. Green alikuwa na woga, si wa hesabu, bali wa Kilatini na Kigiriki, lugha ambazo mtoto aliyetoka shuleni na miaka 9 hakuzisoma. Hata hivyo alikwenda. Mwezi wa 10 mwaka 1833, akiwa na miaka 40, alikodisha kinu, akamwacha Jane na watoto kule Nottingham, akaingia chuo cha Gonville na Caius, Cambridge, kukaa benchi moja na vijana ambao angeweza kuwa baba yao.

Fikirieni hilo darasa. Mtu aliyekwisha kuandika mambo ambayo walimu wake bado kuyajua, anakaa chini kufanya mazoezi ya wanafunzi na kungojea egzame sawa na wengine. Mwaka 1837 matokeo ya hesabu yalitoka: Green alikuwa wa 4. Hakuwa wa kwanza. Egzame ile ilitaka mbio na mazoezi ya kukariri, na mbio si kazi ya mtu wa miaka 43. Wa 2 mwaka ule alikuwa Sylvester, ambaye baadaye alijulikana dunia nzima, lakini chuo kilimnyima diploma kwa miaka mingi sababu alikuwa Myahudi na hakukubali kutia sahihi imani ya kanisa la Kiingereza. Kila mmoja alikuwa na mlango wake uliofungwa.

Green alibaki Cambridge, akaandika juu ya sauti, juu ya mwangaza, na juu ya mawimbi ya maji katika mfereji usio na kina kirefu. Mwaka 1839 chuo chake kilimchagua kuwa mmoja wa walimu wake wa kudumu. Sheria ya chuo ilisema mtu wa cheo hicho asiwe na mke. Kwa karatasi Green hakuwa na mke. Wale watoto na mama yao hawakuwa kwenye daftari yoyote ya Cambridge. Sisi hatutaki kumfanya mtakatifu. Heshima aliyopata pale, Jane alilipa nusu ya bei yake, na jina la Jane haliko kwenye silabi.

Cheo hakukifaidi. Mwaka 1840 alirudi Sneinton mgonjwa, na tarehe 31 mwezi wa 5 mwaka 1841 alikufa, na miaka 47. Walimzika karibu na wazazi wake, kwenye uwanja wa kanisa la Mtakatifu Stefano, si mbali na kinu. Gazeti la mji liliandika mistari michache. Hakuna picha yake iliyobaki. Hatujui alikuwa na uso gani.

Hapo hadithi ingeweza kuisha, na formula ingebeba majina ya wengine. Lakini kijana mmoja, William Thomson, yule atakayeitwa baadaye Lord Kelvin, alikuwa ameona kitabu cha Green kikitajwa mahali fulani. Alikitafuta kwenye maduka ya vitabu, hakuna. Mwezi wa kwanza mwaka 1845, akiwa na miaka 20, amemaliza masomo Cambridge na anajitayarisha kusafiri kwenda Paris, alimtajia mwalimu wake Hopkins. Kumbe Hopkins alikuwa nacho chumbani kwake! Thomson alikisoma njiani. Alipofika Paris aliwaonyesha Liouville na Sturm, wakubwa wa hesabu wa Ufaransa, nao walishangaa kuona kwamba mambo waliyokuwa wakihangaikia yalikuwa yameandikwa miaka 17 nyuma na mtu wasiyemsikia. Thomson akahakikisha kitabu kinachapwa upya Berlin, katika jarida la Crelle, kwa sehemu 3, kati ya mwaka 1850 na 1854.

Tangu hapo jina halikupotea tena. Wahandisi wa umeme walichukua njia zake. Karne ya 20, wanafizikia sawa vile Schwinger na Feynman walizitumia kueleza ginsi chembe ndogo kabisa za maada zinavyokutana na mwangaza. Mwaka 1993, miaka 200 baada ya kuzaliwa kwake, waliweka kibao cha ukumbusho katika kanisa la Westminster, London, karibu na kaburi la Newton. Na kile kinu? Kiliungua mwaka 1947, kikabaki gofu, kisha watu wa Nottingham walichanga wakakitengeneza upya. Leo mabawa yanazunguka tena, na unga unasagwa.

Basi, vijana wa Lusangi wachukue nini hapa? Kuna watakaosema: mnaona, shule si lazima, mtu mwenye akili anajisomea. Sisi tunakataa kusoma hivyo maisha ya Green. Aliandika kitabu chake miaka 5 baada ya kuingia biblioteki. Bila ile nyumba ya vitabu, bila wale 51 waliochanga, bila Bromhead aliyeandika barua, bila Hopkins aliyetunza nakala chumbani, Green angebaki msaga unga mwenye akili ambaye hakuna aliyejua. Wa namna hiyo wako wangapi hapa, kati ya Kasongo na Kabambare, wamesimama usiku huu kando ya mashini, vumbi jeupe kwenye nywele?

Kwa hiyo tunaomba kidogo. Wewe uliyemaliza masomo, silabi zako usizifungie maandazi. Mpe mdogo wako anayefuata, ao uziache shuleni zikae kwenye kabati. Wewe mwenye duka, ukiletewa karatasi ya michango ya mwanafunzi, tia jina, hata kama huelewi anachosoma. Wale 51 nao hawakuelewa. Wewe mzazi, mtoto akitoka shuleni juu ya kazi, usimwambie kwamba imekwisha. Na wewe unayesoma mistari hii pembeni ya mashini, silabi imefungwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya mvua: kama kuna barua ya mtu ambayo bado kuijibu, ijibu leo.